Maji ya Pangani Hayatoki Kileleni

Mawingu yanapofunguka juu ya mji wa Moshi na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kuonekana, ni rahisi kuamini kwamba barafu yake ndiyo inayoujaza Mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi, mwendo wa kilomita 500 hivi. Hesabu haikubali. Tangu 1912 mlima umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, lakini Kikuletwa, mkono mkubwa wa Pangani, bado unatiririka mwaka mzima. Unaoulisha ni msitu. Upande wa kusini wa Kilimanjaro mvua nyingi huangukia kwenye msitu, ambako kwenye mita 2,000 na ushei huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Kileleni hufika kidogo tu. Maji ya mvua hiyo ya msituni hunywea kwenye miamba ya volkeno iliyojaa nyufa, kisha huibuka chini kama chemchemi. Pale Chemka, karibu na Boma Ng'ombe, nyika imekauka pande zote, ila maji ni maangavu kiasi kwamba mizizi ya mikuyu inaonekana ndani yake.

Wapo watakaosema tatizo la Pangani kupungua maji liko tambarare, si mlimani: mifereji, mashamba ya mpunga na miwa, bwawa la Nyumba ya Mungu, mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani. Wana hoja. Mto unapofika mdomoni ukiwa dhaifu, maji ya chumvi hupanda ndani na kuharibu maji ya watu wa mji wa Pangani. Lakini kugawana vizuri hakuongezi kilichomo chunguni. Kinachoamua kiasi cha kugawana ni msitu. Wengine watauliza: kama barafu si kitu, joto la dunia linatuhusu nini? Linatuhusu sana, kwa njia nyingine. Ukame huchochea moto, na moto umekwisha kuuteremsha mpaka wa juu wa msitu huo.

Msitu uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, hatua njema, ila ulinzi wake umeonekana kuwa kazi ya askari wa hifadhi na wanavijiji wa mlimani peke yao. Mwenye shamba la mpunga na mwenye mtambo wa umeme wanakula matunda ya msitu huo. Basi sehemu ya ada wanayolipia maji ipande mlimani, ikazime moto na kupanda miti.