Kemia imo ndani ya gunia la mahindi

UKIABIRI matatu mjini Eldoret kwenda Kitale, utapita Soy na Matunda, kisha utaingia Moi's Bridge. Ni mji mdogo ulio mpakani mwa Uasin Gishu na Trans Nzoia, karibu na mto Nzoia. Zamani uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Cecil Hoey. Leo unajulikana kwa jambo moja zaidi ya mengine yote: mahindi. Msimu wa mavuno unapofika, malori na matrekta hupiga foleni kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, na kando ya barabara utaona mahindi yameanikwa juu ya maturubai kama mikeka ya dhahabu.

Huenda wewe, ndugu msomaji, uko Nairobi, Nakuru au Mombasa, na hujawahi kufika huko. Lakini bila shaka unga ulioko jikoni mwako, au gunia lililotumwa na shangazi kutoka mashambani, umewahi kupita njia hiyo. Na huenda nyumbani mwako mna mwanafunzi wa shule ya upili anayelalamika kila jioni kwamba kemia ni somo la kukariri mambo yasiyoonekana.

Hata mimi nililalamika hivyo. Nilikariri jedwali la elementi kama kasuku na nikasahau lote siku moja baada ya mtihani. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba maswali yaliyonitoa jasho darasani yana majibu ndani ya gunia moja la mahindi. Wiki hii tulifuate gunia hilo kutoka shambani hadi jikoni, na njiani tujibu maswali ambayo kila anayeanza kemia huuliza. Baadhi ya majibu yatakuongezea alama. Mengine yanaweza kuokoa maisha.

Asidi ni nini hasa, na pH ni kitu gani?

Anayeanza hudhani kwamba asidi ni kile kimiminika cha betri kinachotoboa nguo. Hicho ni kimojawapo tu. Ndimu ina asidi. Siki ni asidi. Mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu ambayo wanariadha hulakiwa nayo wanaporudi Eldoret na ushindi, ni chachu kwa sababu bakteria wamegeuza sukari ya maziwa kuwa asidi.

Kinachozifanya zote kuwa asidi ni chembe za hidrojeni zenye chaji chanya, ziitwazo ayoni, ambazo huachiliwa ndani ya maji. Mwaka 1909, mwanakemia wa Denmark aitwaye Sørensen alibuni kipimo cha kuzihesabu, nacho ndicho pH. Kwa kawaida huanzia 0 hadi 14. Katikati, kwenye 7, ndipo maji safi yalipo. Chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali, kama vile magadi, sabuni na jivu.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Hatua moja kwenye kipimo hicho si hatua ndogo, kwani ni mara kumi. Udongo wenye pH 5 una asidi mara kumi kuliko wenye pH 6, na mara mia moja kuliko wenye pH 7.

Mkulima wa Moi's Bridge ana sababu ya kujali jambo hili. Kwa miaka mingi mashamba ya eneo hilo yamepandwa mahindi juu ya mahindi, kwa mbolea ya kupandia ya DAP. Mbolea hiyo ina naitrojeni ya aina ya amonia, na bakteria wa udongoni wanapoigeuza iwe naitreti ili mmea uitumie, huacha ayoni za hidrojeni nyuma. Mwaka baada ya mwaka udongo huchachuka. Pale pH inaposhuka chini ya 5.5, madini ya aluminiamu yaliyokuwa yamefungwa udongoni huanza kuyeyuka na kudhuru mizizi, na fosfati ambayo mkulima ameinunua kwa fedha zake hunaswa isiweze kufikia mmea. Mkulima huongeza mbolea, na mavuno hupungua.

Dawa yake ni chokaa ya shambani, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, kama yale ya Koru. Chokaa hukutana na asidi, zikamalizana nguvu, na mazao yake ni maji, chumvi na gesi ya kaboni dayoksaidi.

Jaribio la kwanza: rangi inayosema

Chukua robo ya kabichi ya zambarau, uikatekate na kuichemsha kwa dakika kumi, kisha uchuje. Maji yatakuwa ya zambarau. Yagawe katika glasi tatu. Katika ya kwanza kamulia ndimu: yatageuka mekundu. Katika ya pili tia chembe za magadi: yatageuka bluu au kijani. Ya tatu iache ilivyo, ili uwe na ya kulinganishia. Umetengeneza kiashiria, ndugu ya karatasi ya litmasi iliyoko maabarani.

Hata hivyo usikitumie kuamua ni chokaa kiasi gani kitiwe shambani. Kwa hilo, udongo upelekwe upimwe. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, lina kituo Kitale.

Kuna tofauti gani kati ya mchanganyiko na kampaundi?

Fikiria sufuria ya githeri. Mahindi yanabaki mahindi, maharagwe yanabaki maharagwe, na mtoto asiyependa maharagwe anaweza kuyachagua moja moja na kuyaweka kando ya sahani. Huo ni mchanganyiko. Unaweza kuzidisha hiki na kupunguza kile, na bado ni githeri.

Sasa fikiria chumvi uliyoitia ndani ya githeri hiyo. Imeundwa na sodiamu, chuma laini kinacholipuka kikiguswa na maji, na klorini, gesi iliyotumiwa kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Zikiungana huwa kitu kipya kabisa ambacho unakila kila siku. Hiyo ni kampaundi. Huwezi kuchagua klorini kutoka kwenye chumvi kwa vidole, na kila atomu moja ya sodiamu huenda na moja ya klorini.

Ndiyo sababu pia mwalimu hukukataza kubadili tarakimu ndogo unaposawazisha mlinganyo. H2O ni maji ya kunywa. Ukiongeza 2 pale chini ya O, umeandika H2O2, dawa ya kusafishia vidonda, ambayo hakuna anayekata kiu nayo. Weka tarakimu mbele ya fomula, usiitie ndani yake.

Moli ni nini?

Hili ndilo swali linalowaliza wengi, nalo si gumu. Ukienda dukani huombi yai moja moja, unaomba trei, na kila mtu anajua ni mayai 30. Trei ya mayai ya kuku na trei ya mayai ya kwale zina idadi sawa, lakini uzito si sawa. Moli ni trei ya mwanakemia. Badala ya 30, ina chembe 6.022 zikizidishwa kwa 10 kwa kipeo cha 23.

Mbona idadi kubwa hivyo? Kwa sababu atomu ni ndogo mno kuhesabika. Hakuna mfanyabiashara wa Moi's Bridge anayehesabu punje za mahindi. Yeye hupima kwa mizani. Mwanakemia naye hupima: gramu 18 za maji ni moli moja, gramu 12 za kaboni ni moli moja. Kumbuka trei, nawe hutapotea.

Je, tunaweza kuchanganya chokaa na mbolea ili kuokoa muda?

La. Na hapa kuna jaribio la pili, lifanywe nje penye upepo, tena kwa chembe chache tu. Weka ncha ya kijiko ya mbolea ya CAN kwenye kifuniko cha chupa, ongeza jivu la kuni, kisha matone ya maji. Punga mkono juu yake uelekeze hewa puani, usiinamie. Utasikia harufu kali ya kuchoma pua. Hiyo ni gesi ya amonia, na ndani yake mna naitrojeni uliyoilipia. Alkali ikikutana na mbolea ya amonia, naitrojeni huruka hewani. Ndiyo maana wakulima hushauriwa kutia chokaa wiki kadhaa kabla ya kupanda, na mbolea baadaye.

Nitajuaje kama mahindi yamekauka?

Bodi ya Nafaka huyataka yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Nyumbani unaweza kutumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, ujaze theluthi yake punje za mahindi, utie vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, ufunge na kutikisa kwa dakika chache. Iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayafai kuwekwa. Isipoganda, umekaribia, lakini endelea kuanika kidogo. Chumvi hupenda maji, nayo huyavuta.

Usilidharau jaribio hili. Mahindi mabichi huota kuvu atoaye sumu ya aflatoksini, na kuipika hakuimalizi. Mwaka 2004, watu 125 walifariki nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Zile tembe za kuua wadudu ni nini?

Mzazi, tafadhali soma hapa mara mbili. Tembe za kijivu zinazotiwa maghalani kuua wadudu huwa na aluminiamu fosfaidi. Zikiwa ndani ya mkebe uliofungwa, zimetulia. Zikikutana na unyevu wa hewa tu, humenyuka na kutoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo ndiyo inayoua wadudu, nayo haibagui kati ya fukusi na mtoto. Wakati mwingine hunuka kama vitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini yaweza kudhuru kabla pua haijaigundua. Hospitali haina dawa maalumu ya kuiondoa mwilini.

Katika chumba kimoja cha mjini, gunia huwekwa mahali palipo na nafasi, na mara nyingi ni kando ya kitanda. Gunia lililotiwa tembe hizo lisikae kamwe katika nyumba wanamolala watu. Ukitumiwa gunia kutoka mashambani, piga simu uulize limetiwa nini. Afadhali mifuko isiyopitisha hewa: wadudu waliomo hutumia oksijeni yote kwa kupumua, kisha hufa wenyewe bila sumu yoyote.

Kilo mbili za makaa, na jivu la kiganja: mengine yameenda wapi?

Hakuna kilichopotea. Gramu 12 za kaboni huungana na gramu 32 za oksijeni ya hewani kufanya gramu 44 za kaboni dayoksaidi. Ungeipima gesi hiyo, ungeona makaa yameongezeka uzito.

Lakini hewa ikiwa haba, kila atomu ya kaboni hupata oksijeni moja badala ya mbili, na matokeo yake ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala haamki. Baridi ya Julai inapowasili, usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Vivyo hivyo, usichanganye dawa ya klorini ya nguo nyeupe na asidi ya kusafishia choo, kwa kuwa utaitoa ile gesi ya Ypres ndani ya bafu lako.

Kwa mtahiniwa

Karatasi ya tatu ya kemia katika mtihani wa KCSE ni ya vitendo, na wengi hupoteza alama kwa haraka. Unapopima asidi kwa alkali, soma bureti macho yakiwa sambamba na sehemu ya chini ya mpindo wa kimiminika, na uandike desimali mbili. Rangi ya fenolfthalini ikigeuka waridi hafifu ikadumu, simama hapo. Waridi iliyokolea ni ishara kwamba umepita. Na ukizimua asidi kali, tia asidi ndani ya maji kidogo kidogo, si maji ndani ya asidi, kwani joto linalotoka laweza kuirusha usoni.

Jumapili hii, mzazi, kabla ya kufungua televisheni, muulize mwanao gunia lenu liko wapi na ndani yake mna nini. Asipojua, tafuteni jibu pamoja, na muanze kwa ile chupa ya chumvi. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na kwa gesi isiyo na tiba, kinga ndiyo pekee tuliyo nayo.