Kinywaji Hakitemwi Nyasa

Kusini-magharibi mwa Ufaransa kuna meli za watalii zinazoondoka Bordeaux na kushuka na mto Garonne hadi unapokutana na Dordogne, maji yakatanuka na kuitwa Gironde. Abiria hulala humohumo na kula humohumo. Wakishushwa, hushushwa penye mizabibu: leo Pauillac, kesho Saint-Émilion, mji uliotiwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999. Mwenye ghala huwamiminia mvinyo kidogo. Wanauzungusha kwenye glasi, wanaunusa, wanausukutua, na yule anayejulikana kuwa mjuzi kweli huutema kwenye ndoo iliyowekwa hapo kwa kazi hiyo. Wala si utovu wa adabu. Kule ndiyo adabu yenyewe, kwa kuwa mtu atakayepita kwenye maghala sita kwa siku moja hawezi kumeza kila anachopewa akabaki na akili ya kupambanua.

Msimulie mzee wa Lipingo habari za ndoo hiyo, naye atataka kujua mwenye pombe alisema nini.

Lipingo ni kata ya Wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kusini kuna Mbamba Bay, makao makuu ya wilaya. Liuli nayo iko pwani hiyohiyo, na nyuma yake milima ya Umatengo. Mzabibu huko hakuna. Zabibu za Tanzania ziko Dodoma. Hata hivyo, mtu anayetaka kusafiri kwa meli akipita penye vinywaji vya watu mbalimbali, kila mahali na chake, hana haja ya kwenda Gironde. Apande meli Kyela, kichwani mwa Ziwa Nyasa, ashuke nayo hadi Mbamba Bay. Hakuna kampuni iliyowahi kuitangaza safari hii kama safari ya vinywaji, na pengine ni heri, maana inachofundisha hakimo kwenye kinywaji.

Kyela ni kwa Wanyakyusa, na kinywaji chao cha heshima ni kimpumu. Ni pombe ya ulezi inayomiminiwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija, watu wameketi kukizunguka chombo kimoja. Huwezi kunywa kimpumu ukiwa umempa mwenzako mgongo. Baada ya Matema meli huingia chini ya Milima ya Livingstone, inayoporomoka moja kwa moja hadi majini, na hapo kwa miaka mingi vijiji vya Ludewa vilivyobanwa kati ya mwamba na ziwa vilitegemea chombo cha majini kwa kila kitu: chumvi, mwalimu, maiti anayerudishwa kwao. Juu ya milima hiyo ni nchi ya mianzi, na mianzi ndiyo ulanzi.

Kati ya vinywaji vyetu vyote, wenye undugu na mvinyo ni ulanzi. Haupikwi kama pombe ya nafaka wala hauhitaji kimea. Mvua zinapoanza, machipukizi ya mianzi yanapotoka, mgema huchagua chipukizi changa, hulikata ncha na kuliinamisha kwenye mbeta, kikombe cha kipande cha mwanzi uliokomaa. Asubuhi na jioni hurudi na kisu chake kikali kukata kipande chembamba ili kidonda kisifunge, na utomvu uendelee kudondoka. Unapotoka ni mtamu, watoto wanaupenda, na Nyanda za Juu huuita mtogwa. Ukikaa hugeuka wenyewe mpaka ukawa mkangafu, ambao si wa watoto. Hakuna anayetia hamira. Kazi hiyo hufanywa na chachu iliyomo hewani na kwenye mbeta iliyotumika jana. Msimu ni wa masika tu, basi. Kiangazi ukiona mtu anakuuzia ulanzi, kumbuka methali ya mgema na tembo lake.

Wafaransa wameuweza mvinyo kwa kuufunga. Umefungwa kwenye mapipa, kwenye chupa, kwenye madaraja ya ubora ya mwaka 1855 yaliyopanga mashamba ya Médoc na kubadilishwa kwa nadra mno tangu hapo. Ulanzi haufungiki. Hata dumu la kuuteremsha ziwani halikazwi mfuniko, kwa sababu ukikazwa, dumu huvimba na kupasuka njiani. Kinywaji cha namna hiyo hakiwezi kumngoja mtu asiyejulikana atakayekuja mwakani kutoka nchi ya mbali. Lazima kinywewe sasa, na waliopo.

Hapo ndipo desturi ya pwani hii inapoanza kueleweka. Pombe, iwe ulanzi ulioshuka kutoka juu, iwe kangara au komoni iliyopikwa hapohapo, haikuwa kitu cha kupima ladha yake peke yake. Ilikuwa na shughuli iliyoileta. Kwa Wamatengo, majirani wa Lipingo wa huko juu, kulima ngolo ni kazi nzito: majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana juu ya mteremko mkali, kisha udongo huchimbwa katikati na kufunika majani, yakabaki mashimo yanayozuia mvua isikokote shamba bondeni. Kwa kawaida wanaume hufyeka na kulaza majani, wanawake huchimba na kufukia. Mtu mmoja hamalizi, ndiyo maana kuna ngokela, kazi ya kusaidiana kwa zamu ambapo mwenye shamba hupika pombe na majirani huja na majembe. Anayekuja kunywa bila jembe hafukuzwi, lakini atakumbukwa. Na mwenye shamba ambaye pombe yake ilikuwa nyembamba mwaka jana, mwaka huu atalima na wanawe.

Walikuwa pia na sengu, ambamo watu wa ukoo mmoja walikula pamoja kwa babu yao, vyakula vikiletwa kutoka nyumba mbalimbali, na hapohapo ugomvi ukasuluhishwa na vijana wakafundwa. Wazee wengi wanailalamikia shule na kahawa kwa kuifisha sengu. Mimi nadhani kahawa ndiyo yenye lawama kubwa zaidi, kwani ilimpa kila mwenye nyumba mfuko wake na hesabu yake.

Ziwani kazi ni nyingine. Wanyasa na Wampoto wa ufukweni hula ugali wa muhogo, muhogo uliolowekwa na kuanikwa juu ya miamba. Huvua dagaa wa Nyasa, au usipa, usiku kwa taa, na pia vituwi, magege, na mbasa anayepanda mito kwenda kutaga. Samaki mkavu hupanda Mbinga; maharage na mahindi huteremka. Siku hizi biashara hiyo inapita kwenye lami, barabara ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay, lakini akina mama wanaouza samaki bado wanajuana na wateja wao wa milimani kwa jina la ukoo, na deni la kikapu cha dagaa linaweza kulipwa kwa debe la maharage msimu unaofuata.

Mgeni akifika nyumbani wakati kuna pombe, kuna utaratibu. Kwanza maji ya kunawa na salamu, tena salamu ndefu, inayouliza habari za kule ulikotoka, mtu mmoja baada ya mwingine. Ndipo chombo kinaletwa. Mwenyeji hunywa kwanza, funda moja mbele ya macho yako, ili ujue hakuna baya lililotiwa humo, kisha hukukabidhi kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko. Binti au mke wa nyumba hupiga goti anapompa mkubwa. Unapokea kwa mikono miwili, unakunywa, unampa aliye pembeni yako. Chombo hakikai kwa mtu. Asiyekunywa, na wapo wengi katika pwani hii iliyolelewa na makanisa, hupewa togwa kwa heshima ileile, naye huizungusha vilevile. Kutema sijui kungeanzia wapi. Ungekuwa umemwambia mwenyeji, mbele ya watu, kwamba funda alilotangulia kunywa halikukutosha kuwa ushahidi.

Kunywea kilabuni ni jambo jingine. Kule unalipa, unapewa jagi, na hakuna anayekuuliza shangazi yako ni nani. Kilabu kimewalisha na kuwasomeshea watoto akina mama wengi wapika pombe, sina ugomvi nacho. Lakini mtalii akipelekwa kilabuni na kuambiwa ameona mila, ameuziwa kivuli.

Meli yenyewe ilikuwa mila. Sehemu nyingi za ufuko huu hazikuwa na gati. Meli ilisimama majini, ikapiga honi, na mitumbwi ikakimbilia ubavuni pake: wengine wanapandisha mbuzi, wengine wanateremsha bibi harusi, wengine wanauza samaki wa kukaanga na maembe kwa abiria walioinama kwenye kingo. Kwa miaka mingi zilikuwa MV Songea na MV Iringa. Tangu 2021 iko MV Mbeya II, iliyojengwa Kyela kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Ratiba iliheshimiwa kwa kiasi chake. Upepo wa kusini, mwera, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, huinua mawimbi ambayo mtu wa mtoni hayajui. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 580 hivi na kina cha mita 700, na mwaka 1895 lilimzamisha hata Askofu Chauncy Maples wa Misheni ya Vyuo Vikuu, miezi michache tu baada ya kuwekwa wakfu. Kwa hiyo watu walingoja. Walingoja usiku kucha ufukweni, na mkesha huo ukawa na moto wake, mihogo yake ya kuchoma, na uchumba wake.

Mmisionari mwenzake Maples, William Percival Johnson, alitumia zaidi ya miaka arobaini akipita vijiji vya pwani hii, muda mwingi kwa meli ya misheni, na alipofariki mwaka 1928 alizikwa Liuli. Liuli hiyohiyo, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake wenye sura ya mnyama aliyelala, ndiko ilikotokea hadithi ninayoipenda kuliko zote za ziwa hili. Nahodha wa Kijerumani Berndt na nahodha wa Kiingereza Rhoades walikuwa marafiki wa glasi. Kila meli zao zilipokutana walikunywa pamoja. Mwezi Agosti 1914 Rhoades akaja na meli yake Gwendolen, akaipigia mizinga Hermann von Wissmann, meli ya Berndt, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Berndt hakuwa na habari kwamba kuna vita. Inasemekana aliingia kwenye mashua kwa hasira na kwenda kumuuliza rafiki yake kama amelewa. Akatekwa. Wazungu hao wawili walikuwa wamejifunza nusu ya desturi ya Nyasa, nusu ya kunywa pamoja. Ile ya kutangulia kuonja mbele ya mwenzako hawakuifikia.

Safari nyingine ya majini iliyokuwa na vinywaji vyake ni ya ngoma. Mganda ni ngoma ya wanaume iliyoota kutokana na gwaride za wakoloni: nguo nyeupe, mistari iliyonyooka, vyeo vya kubuni, na malipenga ya vibuyu yaliyozibwa kwa utando wa buibui ili sauti ingurume kama ya puani. Wanawake wana kioda. Kundi la kijiji kimoja lilialikwa na kijiji kingine, likasafiri kwa mitumbwi na mashua, na wenyeji wakawa na wajibu wa kuwalaza, kuwachinjia na kuwapikia pombe mpaka waseme basi. Mwaka uliofuata mialiko iligeuka. Mashindano yalikuwa makali na nyimbo za kejeli zilikuwa kali zaidi, lakini huwezi kumdharau mtu moja kwa moja ikiwa unajua kwamba zamu yako ya kumpikia inakuja.

Mitandao hiyo haikusimama mpakani. Watu wa ufuko huu wana ndugu Likoma, kisiwa cha Malawi, na upande wa Msumbiji, na wanasikilizana lugha. Malawi husema, kwa kutegemea mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, kwamba ziwa lote la upande huu ni lake hadi mchanga unapoanza. Tanzania husema mpaka uko katikati ya maji. Kwa hesabu ya Malawi, mama wa Lipingo anayeloweka muhogo yuko ng'ambo kuanzia magotini kwenda chini. Anapokuja mjomba kutoka Likoma kwenye msiba, hakuna anayemuuliza amevuka mstari upi. Anaulizwa mawimbi yalikuwaje, kisha anapewa maji ya kunawa.

Sasa Wilaya ya Nyasa inataka watalii, na ina haki. Ina fukwe, ina Jiwe la Pomonda kule Liuli, ina samaki wa rangi wa miambani ambao watu wa Ulaya huwafuga kwenye vioo vya sebuleni. Siku moja mtu mwenye mtaji ataleta meli yenye vyumba na kuandika kwenye tangazo lake: onja ulanzi. Ningemshauri mambo mawili matatu. Aje Februari au Machi, mianzi inapotoa, asimdanganye mgeni kwa ulanzi wa Agosti. Awashushe wageni kumi, si mia, kwa sababu chombo kimoja hakiwazunguki watu mia. Apeleke taarifa mapema kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa mama atakayepika, na malipo yawe ya huyo mama mkononi mwake. Na mgeni asiyetaka kumeza aseme tangu mwanzo, apewe togwa.