Fahamu: Mbwa waliofungua njia ya tiba ya himofilia

Mwenye himofilia amepungukiwa na protini ya kugandisha damu. Akijigonga goti tu, damu inaweza kuvujia ndani ya kiungo kwa siku kadhaa. Mbwa nao huzaliwa na ugonjwa huohuo, na huumia vilevile. Mwaka 1947 mtafiti Kenneth Brinkhous alianza kufuga mbwa hao huko Chapel Hill, Marekani, ili kuuchunguza ugonjwa huo. Panya wa maabara wenye himofilia walifuata baadaye, lakini maisha yao ni mafupi mno kuonyesha kama tiba inadumu. Mwaka 1999 watafiti waliripoti kwamba jeni iliyobebwa na kirusi kilichoondolewa makali iliwapunguzia mbwa maradhi. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha tiba ya aina hiyo kwa himofilia B, mojawapo ya aina za ugonjwa huo, kwa bei inayoumiza moyo: dola milioni 3.5.