Kufua, kuosha, kufuta: vitenzi vya usafi katika maelezo ya kigari cha mtoto

Kijitabu cha matunzo kinachoambatana na kigari cha mtoto ni miongoni mwa matini fupi zinazomtoa mfasiri jasho. Kina kurasa chache, picha nyingi na sentensi za kuamrisha. Ugumu hujitokeza pale ambapo Kiingereza kimetumia kitenzi kimoja chenye maana pana ya kuondoa uchafu, kikakirudia kwa kitambaa, kwa fremu, kwa mikanda na kwa magurudumu. Mfasiri anayeandika “safisha” mara nne hajavunja kanuni yoyote ya sarufi, lakini amemnyima mzazi taarifa aliyoihitaji. Kiswahili hutazama kwanza ni kitu gani kinachoondolewa uchafu, kisha maji yanakifikiaje.

Mbeleko haina tatizo hili. Ni kitambaa kitupu: hufuliwa, hukamuliwa, huanikwa, basi. Kigari kimeunganishwa kwa kitambaa, sponji, plastiki, mpira na chuma, na kila kimojawapo kina kitenzi chake.

“Kufua” ni kwa kitambaa kinachoweza kuzamishwa majini, kikasuguliwa kwa mikono au kuzungushwa na mashine. Kwa hiyo “fua kitambaa cha kiti” ni agizo sahihi iwapo tu kitambaa hicho kinavuliwa kutoka kwenye fremu, kama foronya inavyovuliwa mtoni. Lebo iliyoshonwa pembeni ndiyo huamua. Beseni lenye tarakimu 30 linaonyesha kwamba maji yasizidi nyuzijoto 30 za Selisiasi. Beseni lenye mkono ndani yake linaagiza kufua kwa mkono. Beseni lililokatwa kwa mistari miwili linakataza kufua. Pembetatu iliyokatwa inakataza dawa ya kung'arisha, ile ambayo majumbani huitwa jiki. Tafsiri ya beseni lililokatwa ni “kisifuliwe”. Wako wanaoandika “kisisafishwe”, na mzazi anayewatii huachiwa kiti kilichoganda maziwa na uji, ilhali kiti hichohicho kingeweza kufutwa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali.

“Kuosha” huenda na vitu vyenye umbo thabiti: vyombo, miguu, gari. Magurudumu yanayochomolewa huoshwa. Fremu, hata ikiwa ya chuma, ni afadhali ifutwe, kwa sababu maji yanayomwagwa hupenya ndani ya mabomba na kwenye maungio, yakatuama humo na kuleta kutu. Mombasa, Tanga au Zanzibar, ambako hewa yenyewe ina chumvi, kutu hiyo haikawii. Mikanda ya kumfungia mtoto nayo hufutwa. Hailowekwi wala haitiwi jiki, kwani dawa hiyo hudhoofisha nyuzi zinazomzuia mtoto asianguke. “Kupangusa” kunafaa zaidi kwa vumbi kavu, na “kung'uta” kwa makombo ya biskuti yaliyojificha kwenye mikunjo. Kung'uta hutangulia kulowesha, la sivyo makombo hugeuka tope.

“Kuanika” kunahitaji uangalifu. Katika mazoea ya wasemaji wengi, kuanika ni kutandaza kitu juani. Wazo la jua limo ndani ya kitenzi hata lisipotajwa. Kijitabu kinapotaka kitambaa kikauke mbali na jua kali ili rangi isipauke, haitoshi kuandika “kianike”. Iandikwe “kianike kivulini”, au “kikaushe kivulini”, kwa kuwa “kukausha” hakusemi lolote kuhusu jua.

Makosa ya hatari zaidi hutokea kwenye mafuta. Matini nyingi za matengenezo husema “paka mafuta magurudumu”. Kupaka ni kueneza juu ya uso wa kitu, kama mtu apakavyo mafuta mwilini, na mzazi mtiifu atayapaka juu ya mpira unaokanyaga ardhi, pengine na pale breki inaposhikia. Kigari cha namna hiyo huteleza kwenye mteremko. Kinachotakiwa ni “tia mafuta kwenye ekseli”: kutia ni kuingiza ndani, na sehemu yenyewe imetajwa. “Lainisha magurudumu” hakuondoi utata huo, maana kulainisha huweza kueleweka kuwa ni kuondoa ukwaruzo au ugumu wa kitu. Inafaa pia kijitabu kitaje aina ya mafuta. Mafuta ya kupikia hunasa vumbi na kuganda, ndiyo maana maelekezo mengi hupendekeza ya silikoni.

Kuna pia suala la silabi moja. Vigari vyepesi vinavyokunjwa kama mwavuli vilianzia kwenye ubunifu wa mwaka 1965 wa Owen Maclaren, mhandisi wa ndege wa Uingereza, na tangu hapo maelezo ya vigari yamejaa kauli ya kutendua: kunja na kunjua, funga na fungua, chomeka na chomoa. Kiambishi hicho kidogo hugeuza agizo zima. (Ndicho kilicho ndani ya “kukunjua uso” na “mkunjufu”, mifano mizuri ya kuwafundishia wanafunzi.) Tahadhari isemayo “mtoto awe mbali unapokunjua kigari” ikichapwa “unapokunja”, mzazi huachwa bila onyo la wakati wa kukifungua. Mwaka 2009 nchini Marekani wenye vigari vipatavyo milioni moja waliambiwa waache kuvitumia hadi bawaba zivikwe vifuniko, baada ya ncha za vidole vya watoto kukatwa vigari vilipokuwa vikikunjuliwa. Ni salama kutaja vyote viwili, “unapokunja au kukunjua”, na kulitaja neno “bawaba” waziwazi. Kinyume cha “kaza”, kwa skrubu za fremu, hakitokani na kauli hii, ni “legeza”.

Kuhusu jina la chombo chenyewe, “kigari cha mtoto” ndilo linalopendekezwa. “Gari la mtoto” huweza kudhaniwa kuwa la kuchezea, “kitimwendo” ni cha mtu asiyeweza kutembea, na “toroli” ni la kubebea mizigo. Upatanisho ni wa KI-VI: “kigari kikishakauka, kikunje”. Mpangilio wa vitenzi katika sentensi hiyo usibadilishwe, kwa sababu kigari kinachokunjwa kikiwa na unyevu huota ukungu ndani ya sponji, mahali ambapo hakuna kitambaa cha kufutia kinachofika.