Utangulizi: Kuwatafuta Waliolala

Kuwatafuta waliolala ni fani inayochafua mikono kwa vumbi la makaburini na vumbi la nyaraka kwa pamoja. Wengi huanza na jiwe, kwa kuwa ndilo lililo mbele ya macho, nasi tutaanza hapo. Ila tunaowatafuta ni watu, na walio wengi katika Afrika Mashariki walizikwa pasipo maandishi yoyote juu yao.

Twende kwanza Gede, karibu na Malindi. Lipo kaburi ambalo plasta yake imechorwa tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. James Kirkman alianza kuchimbua mji huo mwaka 1948, na tarehe ile moja imewafaa wataalamu kukadiria umri wa mengi yaliyolizunguka kaburi hilo. Bahati kama hiyo ni adimu. Kule Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, makaburi ya nguzo yalipambwa kwa sahani na bakuli za kaure kutoka China. Sahani haitaji jina la marehemu, lakini inatupa mpaka: kaburi haliwezi kuwa la kale kuliko chombo kilichopachikwa wakati wa kulijenga. Linaweza kuwa jipya zaidi, maana chombo kizuri hurithiwa hata kwa vizazi kabla ya kuwekwa kaburini. Sahani nyingi zimebanduliwa na wezi. Hata hivyo usilipite tundu tupu. Pima upana na kina chake, angalia alama ya kitako cha chombo iliyobaki kwenye chokaa, na mara nyingi utajua kilichokuwemo kilikuwa bakuli au sahani.

Maandishi yaliyofifia yasome asubuhi mapema au jua linapokuchwa, mwanga ukija kwa ubavu. Saa sita mchana hutaona kitu. Ukikosa jua, rusha mwanga kwa kioo. Usisugue kwa brashi ya waya, usimwage asidi, usipake chaki. Chokaa ya matumbawe ikishalika hairudi, na herufi zimekwenda nayo. Na kabla ya yote, piga hodi kwa wenyeji. Kaburi la nguzo la Takwa, kisiwani Manda, huendewa na watu wa Shela kuomba mvua. Mtafiti anayelipima bila kuwauliza amewakosea adabu, tena amejinyima mashahidi wake bora.

Baada ya jiwe, daftari. Vituo vya wamisionari, kama Bagamoyo tangu 1868 na Freretown ya Mombasa miaka michache baadaye, vilipokea watu waliookolewa utumwani. Mtu alizaliwa na jina la kwao, akaitwa jingine na waliommiliki, akabatizwa kwa la tatu. Anayefuata jina moja tu atadhani mtu huyo alizaliwa siku ya ubatizo wake. Kwa hiyo soma daftari la ubatizo, la ndoa na la maziko sambamba, ukifuata wazazi wa ubatizo, mume au mke, na kabila lililotajwa.

Sehemu inayoniuma zaidi ni vita vya 1914 hadi 1918. Taveta na Voi yapo makaburi ya vita yenye mawe yaliyochongwa jina, cheo na tarehe. Lakini wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi walikufa kwa njaa, kuhara na homa kwa makumi ya maelfu, na sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawaenzi kwa jumla, bila jina hata moja. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kutowakumbuka kwa majina ulikuwa uamuzi wa watu maofisini, na kwa hiyo uamuzi huo una nyaraka zake.

Tena wapagazi waliandikishwa, kwa kuwa walilipwa. Mishahara mingi ya waliokufa haikuchukuliwa, na serikali za kikoloni zilibishana kwa miaka kuhusu fedha hizo. Ndiyo maana sura ya kwanza inaanzia kwenye hesabu za mishahara: jina, namba, wilaya, jina la chifu. Ukiwa na vitu hivyo vinne unaweza kwenda hadi kijijini na kuuliza ukoo gani ulimpoteza mtu.