Je, Wajua? Mbege, Vidonge vya Rangi Mbili na Umati Ulioko Tumboni Mwako

Bakteria wako wanazidi seli zako
Mwilini mwako wamo bakteria trilioni 38 hivi, wengi wao kwenye utumbo mpana, ilhali seli zako mwenyewe ni kama trilioni 30. Ajabu ni kwamba umati huo wote ukiwekwa kwenye mizani haufiki robo kilo ya sukari! Na hawakai bure. Wanameng'enya nyuzinyuzi za maharage ambazo tumbo lenyewe haliziwezi, wanatengeneza vitamini K, na wanawabana wadudu wa maradhi wasipate pa kukaa.

Siku 4 za dawa, miezi 6 ya pengo
Huko Denmark, wanaume 12 wenye afya njema walipewa antibiotiki tatu kali kwa siku 4. Baada ya mwezi mmoja na nusu, bakteria wao walikuwa wamerudi karibu na hali ya awali. Lakini hata siku ya 180, aina 9 ambazo kila mmoja wao alikuwa nazo mwanzoni zilikuwa bado hazionekani kwa wengi wao. Dawa ikishamezwa haijui nani mwema, nani mbaya. Ndiyo maana wengine huharisha katikati ya dozi. Kwa nimonia ya bakteria, dozi hiyo ni uhai, na imalizwe kama daktari alivyoagiza. Ila mafua ya baridi ya Julai huku kwetu Tarakea, Kilimanjaro, huletwa na virusi, na virusi havisikii antibiotiki hata kidogo. Anayemeza antibiotiki za vidonge vya rangi mbili kwa ajili ya mafua anawaumiza bakteria wema peke yao.

Kinyesi kiliishinda dawa
Ndiyo, umesoma sawasawa. Bakteria aitwaye Clostridioides difficile hustawi kwenye utumbo uliofagiwa na antibiotiki, akaleta kuhara kusikokwisha. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi waliwapa wagonjwa 16 maji yaliyochujwa kutoka kwenye kinyesi cha watu wenye afya, yakipitishwa kwa mpira hadi kwenye utumbo: 13 walipona kwa mara ya kwanza tu. Kati ya 13 waliopewa antibiotiki ya vankomaisini peke yake, walipona 4.

Matajiri wa Ziwa Eyasi
Mmarekani wa California ana wastani wa aina 277 za bakteria tumboni. Mhadzabe wa Ziwa Eyasi, anayekula mizizi, ubuyu, asali na nyama ya kuwinda, ana 730! Takwimu hizo zilitoka mwaka 2023. Utafiti wa 2017 ulikuwa umeshaonyesha jambo linalonifurahisha zaidi: baadhi ya bakteria wa Wahadzabe hupungua hadi kutoonekana msimu wa mvua, kisha hurudi kiangazi kikifika. Tumbo lina majira yake, kama shamba.

Mbege yaingia maabara
Mwaka 2025 zilitangazwa habari za vijana 77 wa kiume wa mkoa wetu wa Kilimanjaro, waliochunguzwa na wataalamu wa KCMC pamoja na wenzao wa Radboud, Uholanzi. Wa vijijini waliohamia vyakula vya kisasa kwa wiki 2, mkate mweupe na chipsi vikiwemo, damu yao ilionyesha dalili zaidi za uvimbe wa ndani kwa ndani. Wa mjini waliorudia vyakula vya asili kwa wiki 2, na wengine waliokunywa mbege kwa wiki 1, dalili hizo zilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki 4 baadaye. Ndizi mbivu na kimea cha ulezi, vilivyochachushwa na vijidudu, vikatikisa kinga ya mwili kwa siku 7! (Mbege ina kileo, kwa hiyo watoto na wajawazito haiwahusu.)

Antibiotiki ndani ya pombe ya kale
Mwaka 1980 wanasayansi walitangaza kuwa wamekuta tetrasaiklini ndani ya mifupa ya watu wa Nubia, Sudan, waliozikwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Inaaminika waliinywa kwenye pombe ya nafaka, kwa kuwa dawa hiyo hutengenezwa na bakteria wa udongoni waitwao Streptomyces. Hospitali zilianza kutumia dawa za kundi hilo mwaka 1948.