Kwa nini majaribio ya programu yahitaji daftari

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii, ambayo imewaongoza wafanyabiashara kwa miaka mingi, yawafaa pia wanaounda programu za kompyuta.

Kila programu inayotegemewa, iwe ya kupiga hesabu ya mishahara au ya kutuma pesa kwa simu, huandamana na programu nyingine ndogo ndogo ambazo kazi yake ni kuikagua. Hizi huitwa majaribio. Kila jaribio huuliza swali ambalo jibu lake linajulikana mapema. Kwa mfano, mtu aliyekopa Sh10,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka anadaiwa riba ya Sh1,200 mwaka unapokwisha. Programu ikitoa jibu tofauti, jaribio hufeli, na kosa hujulikana kabla ya mteja kuumia.

Hata hivyo, kuna hatari moja ambayo hata mafundi wazoefu huisahau: jaribio ambalo halikuendeshwa halilalamiki. Kompyuta huhesabu tu yale iliyoyaona, kisha ikatangaza kwamba yote yamepita.

Tuchukue mfano wa fundi anayeandikia chama cha akiba na mikopo programu kwa lugha ya Python, na kuikagua kwa chombo kiitwacho pytest. Ameandika majaribio matatu katika faili test_riba.py. La kwanza ameliita test_mkopo_wa_kawaida, la pili test_mkopo_uliochelewa. La tatu, linalokagua kama programu itakataa mkopo wa kiasi kilicho chini ya sifuri, amelipa jina la Kiswahili: jaribio_la_kiasi_hasi.

Akiendesha majaribio hayo, ataona maandishi ya kijani yakimwarifu kwamba mawili yamepita. Asipokuwa mwangalifu, atafurahi na kwenda zake. Kumbe la tatu halikuguswa kamwe, kwa sababu pytest, isipoelekezwa vingine, hutambua tu majaribio ambayo majina yake yanaanza na herufi “test”. Jina lililoandikwa kwa lugha ya mwandishi mwenyewe limelificha jaribio.

Dawa ya tatizo hili ni kuiamuru kompyuta itaje majaribio yote inayoyatambua kabla ya kuyaendesha. Kazi hiyo hufanywa kwenye dirisha la amri, yaani mahali ambapo mtu huandika maagizo kwa herufi badala ya kubofya picha. Fundi wetu ataandika:

pytest --collect-only -q

Papo hapo ataorodheshewa majina, moja kwa kila mstari, na jumla yake chini. Alitarajia matatu, ataona mawili. Kuanzia hapo anaweza kulibadilisha jina, au kuongeza kwenye faili la mipangilio maagizo kwamba majina yanayoanza na “jaribio” nayo yatambuliwe.

Vyombo vingine vina amri zinazofanana na hiyo. Wanaotumia CTest huandika ctest -N. Wenye majaribio ya lugha ya C++ yaliyoundwa kwa Google Test huongeza --gtest_list_tests baada ya jina la programu yao, nao wanaotumia .NET huandika dotnet test --list-tests. Maneno hutofautiana, lakini ombi ni lile lile: taja, usiendeshe.

Orodha hii hufichua kosa jingine pia. Katika Python, majaribio mawili yakipewa jina moja ndani ya faili moja, la pili hulifuta la kwanza bila onyo lolote. Kosa hili huwapata hasa wanaonakili jaribio la zamani ili walirekebishe, wakasahau kulibadilisha jina. Orodha itaonyesha moja pale ambapo mwandishi anakumbuka kuandika mawili.

Aidha, orodha huweza kuhifadhiwa kwenye faili na kulinganishwa na ya wiki iliyotangulia. Majina yakipungua, lazima pawe na maelezo: ama jaribio limeondolewa kwa makusudi, au limepotea.

Ni vyema kufahamu mipaka ya mbinu hii. Orodha hueleza kilichopo, haielezi kilichopita. Jaribio ambalo limewekewa alama ya kurukwa bado hutajwa humo. Vilevile, ili kuyapata majina, pytest hulazimika kuyafungua mafaili yenyewe. Kwa hivyo amri zilizoachwa wazi nje ya majaribio zitatekelezwa hata kama fundi alitaka orodha tu.

La muhimu zaidi, orodha haiwezi kutaja jaribio ambalo hakuna aliyeliandika. Hilo lahitaji binadamu.

Bara Ulaya ilijifunza hayo kwa gharama kubwa mnamo Juni 4, 1996. Siku hiyo roketi ya Ariane 5, iliyobeba setilaiti nne za utafiti, ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Sekunde zipatazo 40 baadaye ilivunjika angani. Programu iliyosababisha mkasa huo ilirithiwa kutoka kwa Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi vyema. Roketi mpya ilikwenda kwa kasi kubwa zaidi, na tarakimu moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions ilibaini kwamba majaribio yalikuwa mengi, lakini hapakuwa na hata moja lililokipima kifaa hicho cha uelekezaji kwa mwendo halisi wa Ariane 5. Yaliyokuwepo yalipita. Lililohitajika halikuwemo.

Ndiyo maana fundi mwangalifu haridhiki na rangi ya kijani. Huitoa orodha, akaisoma jina baada ya jina kama mwenye duka anayekagua daftari jioni, kisha akajiuliza ni swali gani ambalo bado halijaulizwa. Chama cha akiba hakina roketi ya kupoteza, lakini kina pesa za wanachama.